UCHAMBUZI: Video ya Serikali ipo mtandaoni, mwananchi anaipataje?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Novemba 24, 2024 ilipita kama siku nyingine yoyote kwa watu wengi, lakini kwa mita za umeme wa malipo ya kabla ilikuwa tarehe ya ukomo. Mita hizo, zikiwamo zile ambazo Watanzania wanazifahamu kwa jina la LUKU, hufuata mfumo wa kimataifa unaohesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa siku hiyo. Mita ambayo haikuboreshwa isingeweza kupokea tokeni mpya baada ya hapo. Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) liliendesha kwa miezi kadhaa zoezi la kuboresha mita za wateja wake, na sehemu iliyobaki kwa mteja ilikuwa ndogo. Alipokea makundi matatu ya namba, kila kundi likiwa na tarakimu 20, akaingiza kundi la kwanza, kisha la pili, na mwisho la tatu, ambalo ndilo lililobeba umeme aliounuua.

Maelezo hayo yanatosha katika video ya dakika mbili. Suala gumu zaidi ni namna mwananchi aliyenunua umeme saa tatu usiku, akapokea ujumbe wenye namba nyingi kuliko alizozizoea, anavyoweza kuifikia video hiyo. Mwananchi huyo haandiki kwenye simu yake "maboresho ya mfumo wa mita za malipo ya kabla". Anaandika "luku inagoma", "tokeni tatu za luku" au "jinsi ya kuingiza namba za luku". Iwapo hakuna video ya taasisi ya umma yenye maneno ya namna hiyo, injini ya utafutaji haimwachi mikono mitupu. Humpa kilicho karibu: video ya nchi nyingine yenye mita za aina hiyo hiyo, kwa kuwa hata Kenya ilikuwa na zoezi kama hilo mwaka huo, au ya fundi asiyejulikana, au ya mtu anayetaka kutumiwa fedha kwanza ndipo "aifungue" mita.

Hapo ndipo suala la kuonekana kwa video mtandaoni linapoacha kuwa la wafanyabiashara na wasanii peke yao. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuitekeleza. Wizara, wakala na halmashauri zimeitikia kwa kufungua chaneli za YouTube na kurekodi karibu kila tukio la viongozi. Kurekodi, hata hivyo, ni nusu ya kazi. YouTube yenyewe imeeleza kuwa zaidi ya saa 500 za video hupandishwa kwenye mtandao wake kila dakika, na katika wingi huo video isiyoweza kutafutwa ikapatikana haina tofauti kubwa na jalada lililosahauliwa masjala.

Chanzo cha tatizo ni cha kibinadamu kabla hakijawa cha kiufundi. Taasisi huipa video jina la tukio, ilhali mwananchi hutafuta kwa jina la haja yake. Afisa Habari anayerudi kutoka kwenye kikao kazi anafikiria nani alifungua, wapi na lini, kwa sababu ndivyo taarifa kwa vyombo vya habari inavyoandikwa. Hivyo huzaliwa vichwa vya video vyenye sura hii ya kubuni, ambayo kila mfuatiliaji wa chaneli za umma ataitambua: "MUBASHARA: MGENI RASMI AKIFUNGUA KIKAO KAZI CHA WADAU KUHUSU UBORESHAJI WA HUDUMA". Kichwa hicho ni sahihi kwa kila neno. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu atakayekiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na huduma iliyozungumzwa kwa saa mbili ndani ya ukumbi haikutajwa hata kwa jina.

YouTube inaeleza kwamba matokeo ya utafutaji katika mtandao wake hupangwa kwa kuzingatia mambo makuu matatu: jinsi video inavyohusiana na maneno yaliyotafutwa, jinsi watazamaji wanavyoitazama, na uaminifu wa chanzo katika mada husika. Kuhusu jambo la kwanza, mashine hutazama kichwa, maelezo na maudhui ya video. Teknolojia ya kutambua sauti na picha imepiga hatua, lakini maandishi yaliyowekwa na mwenye video yanabaki kuwa ushahidi ulio wazi zaidi wa kile kilichomo. Tagi, ambazo maofisa wengi hutumia muda mwingi kuzijaza, zina mchango mdogo sana. Maelekezo ya YouTube yanasema faida yake kubwa ni pale ambapo neno hukosewa mara kwa mara tahajia. Ofisi inayojaza tagi 30 na kuacha sehemu ya maelezo ikiwa tupu imegeuza kazi juu chini.

Kichwa cha video kwenye YouTube hakizidi herufi na nafasi 100, na kwenye simu huonekana pungufu ya hapo kabla hakijakatwa. Maneno matano au sita ya mwanzo ndiyo yenye thamani. Kuyatumia kwa neno "MUBASHARA", cheo cha mgeni rasmi na jina la ukumbi ni kuyapoteza. Video ya mita iliyotajwa hapo juu ingeweza kuitwa "Jinsi ya kuingiza tokeni tatu za LUKU, hatua kwa hatua", na jina la mtaalamu anayeeleza likaandikwa katika mistari ya maelezo, ambayo ina nafasi ya kutosha kwa heshima zote: herufi na nafasi 5,000. Mstari wa kwanza wa maelezo hayo ndio mahali pa kueleza kwa sentensi moja kamili video inajibu swali gani, inamhusu nani, na kama huduma ni bure au ina ada.

Uchaguzi wa maneno unahitaji uangalifu wa pekee katika Kiswahili, kwa kuwa lugha ya ofisi na lugha ya mtaani zimeachana katika huduma ambazo watu wanazitafuta zaidi. Sheria na fomu husema "Namba ya Utambulisho wa Taifa"; mtu aliye kwenye foleni husema "namba ya NIDA". Mwongozo husema "namna ya kuwasilisha maombi". Kisanduku cha kutafutia huandikiwa "jinsi ya kuomba". Hata ndani ya Afrika Mashariki maneno hutofautiana, kwani anayetafuta habari za umeme Nairobi huenda akaandika "stima". Baadhi ya maofisa huona kwamba kuweka neno la mtaani kwenye kichwa cha video ya Serikali ni kuishusha hadhi lugha. Hoja hiyo ina uzito wake, na chombo cha umma hakipaswi kuacha istilahi sahihi zife. Lakini hakuna kinachozuia kuweka vyote viwili: neno la mwananchi katika kichwa, na istilahi rasmi katika mstari wa kwanza wa maelezo na katika kinywa cha mtaalamu anayezungumza. Anayekuja na neno lake huondoka akiwa amejifunza la pili. Anayeshindwa kuipata video hajifunzi lolote.

Maneno hayo ya wananchi hayahitaji kubuniwa. Mtu yeyote akianza kuandika kwenye kisanduku cha YouTube "jinsi ya kupata" huonyeshwa mapendekezo yanayotokana na yale ambayo watu hutafuta. Mwenye chaneli hupata zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya takwimu za chaneli humwonyesha maneno halisi ambayo watazamaji waliyaandika kabla ya kufika kwenye video zake. Hata hivyo, hazina kubwa kuliko zote ipo ndani ya ofisi zenyewe, nayo ni dawati la huduma kwa wateja, simu za bure, kitabu cha malalamiko na kaunta. Mhudumu wa kaunta anajua maswali kumi yanayoulizwa kila siku, na anayajua kwa maneno ambayo wananchi wenyewe huyatumia. Katika ofisi nyingi mhudumu huyo na Afisa Habari hukutana kwenye chai tu. Kikao cha nusu saa kila wiki kati yao kingefanya zaidi kwa kuonekana kwa video za taasisi kuliko kamera mpya.

Jambo la pili, yaani jinsi watazamaji wanavyoitazama video, linagusa desturi ambayo ni ngumu zaidi kuibadilisha. Mtu anapofungua video na kuiacha baada ya sekunde 20, mashine hujifunza kwamba video hiyo haikumjibu aliyetafuta. Video nyingi za umma huanza kwa wimbo wa chaneli, kisha nembo inayozunguka, kisha utambulisho wa meza kuu na itifaki yake yote. Itifaki ina mahali pake ukumbini, na mgeni aliyesafiri hadi kijijini anastahili kutambulishwa. Mtazamaji wa mtandaoni, ambaye hayupo ukumbini, ameshalipia bando lake, na kila dakika anayoisubiri inamgharimu. Mwananchi anayelazimika kutazama dakika 40 ili apate jibu la dakika mbili ametozwa ada ambayo haipo katika sheria yoyote.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kukata. Rekodi kamili ya tukio ibaki kwenye chaneli kama kumbukumbu, na kutoka humo zitolewe video fupi, kila moja ikijibu swali moja na kubeba kichwa chake. Ya pili ni kuigawa rekodi ndefu katika sura. YouTube huigawa video iwapo mwenye video ataandika kwenye maelezo orodha ya nyakati inayoanza na 00:00, yenye nyakati zisizopungua tatu zilizopangwa kwa mfuatano, na kila sura ikiwa na urefu wa angalau sekunde 10. Chukua mfano wa hotuba ya Bajeti Kuu inayosomwa bungeni kila Juni. Mfanyabiashara wa spea anataka sehemu ya ushuru wa forodha, mkulima anataka ruzuku ya mbolea, mtumishi anataka kodi ya mshahara. Orodha ya nyakati 15 zenye majina yanayoeleweka humpeleka kila mmoja moja kwa moja anakokwenda, na majina ya sura hizo nayo huipa injini ya utafutaji maneno zaidi ya kuielewa video. Kazi hiyo humchukua ofisa mmoja chini ya saa moja.

Manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, mara nyingi hutajwa mwisho, na bajeti ikibana ndiyo ya kwanza kukatwa. Huo ni uamuzi usio na sababu za msingi. Manukuu yaliyohakikiwa na binadamu humfikia kiziwi, ambaye bila hayo video ya maelekezo kwake ni midomo inayocheza tu. Humfikia pia abiria wa daladala asiye na spika za masikioni. Vilevile, ni maandishi ambayo mashine inaweza kuyasoma neno kwa neno. Mashine inayojiandikia manukuu yenyewe huteleza kwenye majina ya watu, ya vijiji na ya vifupisho vya taasisi, na tarakimu moja iliyokosewa katika namba ya malipo ni hasara kwa mtu. Ofisi ambayo mtaalamu wake husoma kutoka kwenye andiko lililoandaliwa tayari inalo andiko hilo; kilichobaki ni kulipandisha pamoja na video na kulilinganisha na kilichosemwa.

Kuhusu uaminifu wa chanzo, taasisi za umma zina mtaji ambao hazijautumia ipasavyo. Alama ya uthibitisho ya YouTube huombwa na chaneli iliyofikisha wafuatiliaji 100,000, kiwango ambacho halmashauri nyingi za wilaya haziwezi kukifikia leo wala kesho. Lakini kila halmashauri ina tovuti inayoishia na .go.tz, kikoa ambacho tapeli hawezi kujisajilia. Kiungo cha chaneli kikiwekwa kwenye tovuti hiyo, na anwani ya tovuti ikiwekwa kwenye maelezo ya kila video, mwananchi anapata njia ya kuhakiki kwa pande zote mbili.

Tovuti hiyo inaweza pia kuibeba video yenyewe katika matokeo ya Google, kwa masharti. Tangu Desemba 2023, sehemu ya matokeo ya video katika Google huonyesha kurasa ambazo video ndiyo maudhui yake makuu. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ambao umebandikwa video chini kabisa, baada ya picha za viongozi, matangazo ya zabuni na salamu za sikukuu, hauingii humo. Kinachohitajika ni ukurasa mmoja kwa video moja, wenye kichwa, maelezo yaliyoandikwa, na taarifa za msingi ambazo mtaalamu wa TEHAMA huziweka nyuma ya ukurasa: jina la video, anwani ya picha yake ya utangulizi na tarehe iliyopandishwa. Ukurasa huo ukibeba pia maandishi ya yote yaliyosemwa, hata mwenye simu ya uwezo mdogo asiyeweza kufungua video atapata jibu lake kwa kusoma.

Picha ya utangulizi, ile inayoonekana kabla ya video kufunguliwa, haihitaji maneno mengi. Kwa video ya mita, picha ya vidole vikibonyeza mita inaeleza zaidi ya picha ya meza kuu yenye chupa za maji.

Lipo eneo moja ambalo kuonekana sana kunaweza kuleta madhara, nalo ni video za zamani. Video nzuri iliyotazamwa na wengi huendelea kupanda juu hata baada ya utaratibu kubadilika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mfano wa karibu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 baada ya utaratibu kupitiwa upya. Kijana anayetafuta leo "mkopo wa halmashauri" anaweza kukutana na maelekezo ya kabla ya kusitishwa, yakitolewa kwa nia njema na ofisa wa kweli, naye akaandaa kikundi na nyaraka kwa utaratibu uliokwisha kubadilika. Kufuta video si suluhisho zuri, kwa sababu kumbukumbu ya umma hupotea na viungo vilivyosambazwa hukatika. Lililo bora ni kuongeza mwaka kwenye kichwa, kuandika katika mstari wa kwanza wa maelezo kwamba utaratibu umebadilika, na kuweka hapo kiungo cha video mpya. Taasisi inapotangaza mabadiliko ya kanuni au ada, kupitia video za zamani kunapaswa kuwa sehemu ya orodha ya kazi za siku hiyo, sawa na kubadilisha bango la ukutani.

Zipo njia za mkato, na wapo wanaoziuza kwa ofisi za umma kwa jina la ushauri wa kitaalamu. Kununua watazamaji ni kinyume cha kanuni za YouTube na kunaweza kuifungia chaneli. Kichwa kinachoahidi jambo lisilokuwamo kwenye video nacho kimekatazwa, na kwa chombo cha Serikali kina gharama ya ziada ambayo msanii hanayo, kwa maana mwananchi aliyedanganywa na kichwa cha habari mara moja hatakiamini cha pili, hata kama kinatangaza chanjo au tahadhari ya mafuriko. Chaneli ya umma haina haja ya kuandika "HUTAAMINI". Inatakiwa iaminiwe.

Ni kweli pia kwamba si kila mwananchi hutafuta. Wengi hupokea video kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa zimekatwa, hazina tarehe wala chanzo. Ofisi zinaweza kupunguza tatizo hilo kwa kusambaza kiungo badala ya faili, na kwa mtaalamu kutaja mwanzoni mwa maelezo yake jina la taasisi na tarehe, ili vipande vikikatwa vibaki na utambulisho wake.

Kinachopimwa ofisini ndicho kinachofanyiwa kazi. Taarifa za robo mwaka za vitengo vya mawasiliano kwa kawaida huhesabu idadi ya video zilizopandishwa na jumla ya watazamaji, na kwa kipimo hicho tukio moja la kiongozi wa kitaifa hufunika kazi ya miezi mitatu. Takwimu za chaneli zinaonyesha ni watazamaji wangapi walifika kwa kutafuta, kwa maneno gani, na walitazama kwa muda gani. Video ya halmashauri yenye watazamaji 900 ambao wote walikuja wakitafuta namna ya kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wakatazama hadi mwisho, imewahudumia wananchi 900 ambao huenda hawakulazimika kupanda basi kwenda makao makuu ya wilaya kuuliza. Ikiwa taarifa ya robo mwaka haina safu ya kuandika jambo hilo, ofisa aliyeitengeneza hana sababu ya kutengeneza nyingine.

Jaribio la kuanzia halihitaji bajeti. Mkuu wa taasisi anaweza kuchukua simu ambayo haijaingizwa akaunti yoyote, kwa kuwa historia ya mtumiaji hubadilisha matokeo, akaandika huduma kuu ya ofisi yake kwa maneno ambayo mama yake mzazi angeyatumia, kisha akatazama video tano za kwanza zinazojitokeza, nani amezipandisha, na zinamwambia mwananchi alipe fedha wapi.